Gari ya turbo haivuti, inagonga, inatoa moshi: tafuta sababu kabla hujaongeza busti

Wengi wenye gari za turbo hapa Unguja na Pemba, iwe Forester, Impreza, Caldina, Mark II na Chaser za injini ya 1JZ, mpaka zile Suzuki ndogo za cc 660, wakiona gari imepungua nguvu kitu cha mwanzo wanachofikiria ni kuongeza busti, yaani presha ya hewa ambayo turbo inaisukuma kwenye injini. Nawaomba sana msianzie hapo. Gari iliyopungua nguvu maana yake pana kitu kimevuja, kimeziba au kimechoka, na ukiizidishia presha juu ya ubovu huo ndio injini inanoki, yaani inakufa, na kukaa kusubiri injini nyengine ije kwa meli si jambo dogo, gharama yake mnaijua.

Jengine la kuliweka akilini ni kwamba gari hizi zilitengenezwa zitembee Japani. Kontroboksi (kompyuta ya injini) ya nyingi kati yake imepangwa kwa petroli ya haioku, ambayo kwenye sheli za kule kawaida inakuwa oktani 98 mpaka 100; oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila ya kujiwasha yenyewe. Petroli yetu iko chini ya hapo, na mchana wa kaskazi hewa ya nje ni nyuzi 32. Sasa piga hesabu: hewa ya nyuzi 30 ukiibana kwa busti ya bar 1, ikitoka kwenye turbo imeshapita nyuzi 100, halafu kazi ya kuipoza ni ya interkula, na interkula haiwezi hata siku moja kuishusha chini ya joto la nje. Kwa hiyo ile nafasi ya usalama aliyonayo mtu wa Hokkaido wewe huna, ushaimaliza kabla hujashika spana. Busti ya 1.2 uliyoiona kwenye video ya mtu wa kule usiichukue kama kipimo chako.

Kabla ya kuanza uwe na geji ya busti, kifaa cha kusoma data kwenye kontroboksi wakati gari inatembea (vile vidogo vya kuunga na simu vinatosha kwa kuanzia), spana ya plagi, na kama kweli unataka kutuni, yaani kupanga upya busti, petroli na cheche, basi waidibendi ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli. Hiyo waidibendi mimi siijadili, lazima iwepo. Sensa ya oksijeni ya kiwandani kwenye gari nyingi za zamani inajua kusoma sawasawa karibu na 14.7 tu (uzito wa hewa kwa 1 ya petroli), ukikanyaga mpaka chini haikwambii kitu cha maana.

Gari haivuti, busti haifiki

Mara nyingi hapa ni uvujaji. Baina ya turbo na manifodi ya inteki, inayogawa hewa kwa silinda, kuna mabomba na mipira, kila kiungo kina klempu, na kwa hewa yetu ya bahari klempu za chuma zinaliwa na kutu mpaka unakaza skrubu inakatikia mkononi, khasa gari zinazolala nje pwani kule Nungwi au Paje. Dalili yake ukikanyaga unasikia hewa inatoka ssss, geji ya busti inapanda polepole au inaishia njiani, na nyuma panatoka moshi mweusi. Huo moshi unatokana na kwamba kwenye gari kama Subaru sensa ya hewa iko mbele ya turbo, imeshaihesabu hewa yote na kontroboksi imetoa petroli ya kulingana nayo, halafu sehemu ya ile hewa ikatokea pembeni kabla haijafika kwenye silinda, kwa hiyo petroli inakuwa nyingi.

Kuutafuta uvujaji kwa macho ni kupoteza muda, itie presha. Nenda duka lolote la mabomba ununue kifuniko cha PVC kinachoingia kwenye mpira wa mdomo wa turbo, kitoboe katikati uvishe valvu ya tairi isiyo na tyubu, kikaze kwa klempu baada ya sensa ya hewa, injini ikiwa imezimwa, kisha peleka kwa mtu wa pancha mwenye kompresa. Tia hewa kidogo kidogo, ukifika bar 0.5 inatosha kukuonesha karibu kila kitu, usipite busti unayotumia, na usisimame mbele ya kile kifuniko maana kikichomoka kinaruka kwa nguvu. Mwagia maji ya sabuni kila kiungo. Kwenye Subaru zenye interkula juu ya injini tazama sana pale plastiki inapoungana na alumini, mapovu madogo madogo yanajipanga kwenye ule mshono na kwa macho makavu usingeona chochote.

Kama hakuvuji popote, fungua filta ya hewa uitazame, halafu angalia wastigeti, ule mlango wa turbo unaopitisha moshi pembeni. Ukikwama wazi turbo haipati moshi wa kuizungusha. Katalisti iliyoziba nayo inafanya gari ivute vizuri chini na ikabwe juu. Manifodi ya eksozi ikiwa na ufa kabla ya turbo utaisikia asubuhi injini ikiwa ya baridi, inapiga pa pa pa halafu inapungua ikipata moto kwa sababu chuma kinatanuka.

Turbo yenyewe iangalie mwisho. Injini ikipoa chomoa mpira wa mbele, shika ile nati katikati ya feni. Kucheza kidogo juu na chini ni kawaida maana shafti inaelea kwenye oili, lakini ikicheza kwa kuingia na kutoka, au ncha za feni zikawa zinagusa ukuta, hiyo turbo imekwisha, usiikanyage tena maana vipande vyake vinaweza kuingia kwenye injini.

Busti inapita kipimo, au gari inakata ghafla

Kuna kimpira chembamba kinatoka upande wa kompresa kwenda kwenye aktueta ya wastigeti, kile kikopo kinachoufungua ule mlango kwa presha. Kinakauka kwa joto kisha kinapasuka pale pale kinapovaa kwenye ncha, ukikitazama kwa juu kinaonekana kizima kabisa, mpaka ukivute na kukipinda ndio ufa unafunguka. Kikipasuka aktueta haipati presha, wastigeti haifunguki na busti inapanda bila ya breki. Ni kimpira cha bei ndogo sana na nakiona kimeachwa kwenye gari ambazo mtu ameweka rimu za gharama. Badilisha vyote kwa pamoja, tia vya silikoni na klempu ndogo. Kiwambo cha ndani ya aktueta kikitoboka nacho matokeo ni yale yale.

Ukishabadilisha eksozi ukaweka kubwa iliyo wazi, busti inaweza kuanza kupanda yenyewe kadiri resi zinavyopanda, kwa sababu tundu la wastigeti limekuwa dogo kwa moshi unaopita. Hapo kontrola ya busti haisaidii, inajua kuongeza haijui kupunguza chini ya kiwango cha springi ya wastigeti. Dawa ni kulipanua tundu kwa fundi anayejua au kuweka wastigeti ya nje, au urudishe eksozi ndogo.

Sasa ile ya kukata ghafla kama gari imepigwa breki kisha inaachia. Hiyo ni kontroboksi inakata petroli makusudi kwa sababu imeona busti au hewa imepita mpaka. Inakulinda. Kuna watu wanauza vifaa vya kuidanganya kontroboksi ili isikate, na vinapokelewa kwa furaha kubwa, lakini ukiifunga ile kinga wakati hujui kama petroli inatosha basi umeiachia injini ipite pale pale ilipoambiwa isipite. Usifunge.

Injini inagonga

Hapa ndipo injini nyingi za turbo zinapokufa. Kawaida plagi inapiga cheche na moto unatembea taratibu ndani ya silinda. Kugonga ni pale mabaki ya mchanganyiko yanapojiwasha yenyewe kabla moto haujayafikia, kwa sababu ya joto na presha, na presha inaruka kwa mshindo. Mwenye sikio atasikia ka-ka-ka nyembamba ya chuma unapokanyaga kwenye mlima, lakini kwa eksozi kubwa na vioo viko wazi mara nyingi husikii kitu, na pistoni inaendelea kupigwa. Kinachovunjika mwanzo ni zile kingo nyembamba za pistoni zinazoshika ringi, na wenye Subaru za injini ya EJ wanajua vizuri nnachokisema.

Kwa hiyo usitegemee sikio, chomoa plagi. Itazame porcelini yake juani, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Ukiona vitone vidogo vyeusi, au vile vinavyong'aa kama fedha, hivyo vinavyong'aa ni alumini ya pistoni yako. Hapo gari haitembezwi tena kwa busti mpaka sababu ijulikane, na upime kompreshini silinda zote, ikiwa moja imepungua kupita asilimia 10 mpaka 15 kuliko nyengine basi injini inataka kufunguliwa.

Sababu ya mwanzo kwetu ni petroli. Tuni ya oktani 100 kwenye petroli ya chini inagonga, hakuna ujanja. Zile chupa za kuongeza oktani soma maandishi yake kwa makini, nyingi zinasema zinaongeza pointi, na pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani, kwa hiyo pointi 20 ni oktani 2 tu. Usitunie gari kwa kutegemea chupa ambayo siku moja hutoipata. Na petroli ya kwenye madumu na chupa njiani, kwa gari ya turbo naomba mjiepushe nayo, inaweza kuwa na maji au mchanganyiko mwengine na wewe huna njia ya kujua. Wenzetu wa Pemba wanaokaa mbali na sheli wajaze tangi Chake, Wete au Mkoani wanapopita, wasisubiri taa iwake.

Ya pili ni joto. Umekaa kwenye foleni ya Darajani nusu saa, interkula imekaa juu ya injini inaiva, halafu njia inafunguka unakanyaga mpaka chini. Hewa inayoingia wakati huo ni ya moto kuliko kipimo chochote cha tuni yako. Itembeze taratibu dakika chache upepo upite kwanza.

Ya tatu ni petroli kidogo kwenye busti, yaani mchanganyiko mwepesi. Pampu ya tangini imechoka, filta ya petroli haijabadilishwa tangu gari ishuke bandarini, nozeli za kupulizia petroli zimeziba. Presha ya petroli kwenye reli kwa injini nyingi hizi ni kiasi cha bar 3 na inatakiwa ipande sawa na busti, busti ya bar 1 basi ionekane 4. Funga geji uangalie ukiwa na mzigo. Ikiwa busti inapanda na presha ya petroli inabaki pale pale au inashuka, ushapata jawabu, na hakuna faeli ya tuni itakayokutengenezea pampu.

Kuna taimingi (wakati wa plagi kupiga cheche) iliyosogezwa mbele sana, hii inatoka kwa anayetuni. Kuna mvuke wa oili unaoingia kwenye intekini, oili inashusha oktani ya mchanganyiko, kwa hiyo angalia valvu ya PCV, inayotoa mvuke ndani ya injini, na ukiweza weka kopo la kukamata oili. Kuna kaboni juu ya pistoni. Na kuna plagi za moto kuliko inavyotakiwa: ukipandisha busti shuka hatua moja kwenda plagi ya baridi, kwa NGK na Denso namba ikipanda ndio baridi zaidi.

Inamisi ukikanyaga, lakini sailensi (ikinguruma imesimama) iko poa

Petroli ipo, cheche inazimika. Hewa iliyobanwa ni ngumu kwa umeme kuiruka, kwa hiyo mwanya wa plagi wa milimita 1.1 uliofaa kwenye gari ya kawaida hapa haufai, weka 0.7 mpaka 0.8. Ukiwa na plagi za iridiamu usizigonge chini kupunguza mwanya, ncha yake inavunjika, nunua zenye mwanya huo. Halafu koili, hamisha ile ya silinda inayomisi kwenda nyengine uone kama ubovu unahama nayo. Na soketi za koili zichomoe uzitazame, kutu ya kijani ya chumvi kwenye pini ni kawaida mno kwetu, safisha kwa dawa ya umeme, na nyaya za athi kwenye bodi pia.

Ikiwa inamisi au inataka kuzima pale unapoachia mafuta kubadilisha gia, na umeweka blo-ofu (valvu inayoachia presha ukiondoa mguu) inayotoa hewa nje, basi hiyo ndiyo sababu kwenye gari yenye sensa ya hewa mbele ya turbo. Rudisha ile inayorejesha hewa ndani. Mark II na Chaser za 1JZ zinasoma presha ya manifodi, hazisumbuliwi sana na hili.

Moshi

Mweusi ni petroli nyingi, rudi kwenye uvujaji. Mweupe unaokaa muda mrefu, maji ya rejeta yanapungua, na kwenye tangi la akiba panatoka mapovu injini ikiwa inanguruma, ni gasketi ya hedi. Wa bluu ni oili, na hapa watu wanakimbilia kununua turbo nyengine wakati turbo ni nzima. Kabla hujanunua fungua bomba la kurejesha oili kutoka kwenye turbo kwenda sampu (bakuli la oili chini ya injini), likiziba oili inajaa kwenye turbo haina pa kwenda inapita kwenye sili. PCV iliyoziba inafanya vivyo hivyo. Bluu unapowasha asubuhi kisha unapotea, shuku sili za valvu. Bluu muda wote ukikanyaga na kompreshini iko chini, ni ringi.

Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili tu, kwa hiyo oili ndiyo maisha yake. Sintetiki ya kweli, 5W-40 inafaa kwa joto letu kwa nyingi ya injini hizi, kilomita 5,000 badilisha bila ya kujadiliana. Nunua pahala unapopaamini maana galoni zilizojazwa upya zipo. Baadhi ya Subaru zina kichujio kidogo cha waya ndani ya bolti ya bomba la oili la turbo, kikiziba turbo inakufa kwa kiu na ukiweka mpya bila ya kukisafisha na hiyo inakufa. Ukitoka kuikanyaga usizime hapo hapo, iache dakika 1 au 2, oili ikisimama ndani ya turbo ya moto inaungua inakuwa masizi.

Joto la injini

Maji ya kisima. Visima vingi vyetu vya karibu na pwani maji yake ni ya chumvichumvi, na mtu anajaza rejeta kwa ndoo. Yanakula alumini na kujenga ukoko ndani ya vijia, na gari iliyovumilia kwa busti ya kiwandani haivumilii ukiongeza. Flashi mfumo mzima, tia kulanti na maji ya distili nusu kwa nusu, badilisha kifuniko cha rejeta (cha bar 1.1 kinasogeza maji kuchemka mpaka karibu nyuzi 120, kilicholegea hakifanyi hivyo), hakikisha feni zote mbili zinazunguka.

Ukifika kwenye kutuni yenyewe

Yote ya juu yawe yamekwisha. Anza na busti ya springi ya wastigeti, bila ya kontrola, upate waidibendi ikisoma baina ya 11 na 12 unapokanyaga mpaka chini. Ukiona 13 na busti ipo, achia mguu hapo hapo, usisubiri uone itakuwaje. Nozeli zisifanye kazi kupita asilimia 85 ya uwezo wake. Ukiongeza busti ongeza 0.1 tu, na kwanza rudisha taimingi nyuma nyuzi 2 au 3 ndio uisogeze polepole huku ukiangalia data ya sensa ya kugonga. Badilisha kitu kimoja, pima, ndio uende chengine. Wenye 1JZ ya zamani ya turbo mbili, zile CT12A, magurudumu yake ya upande wa eksozi ni ya seramiki na yanavunjika kwa busti kubwa na joto, kwa hizo mimi nasema baki karibu na kiwandani mpaka ubadilishe turbo.

Faeli ya tuni iliyonunuliwa kwa simu, ya gari ya mtu mwengine, usiitie ukaondoka nayo. Na kupima usipime barabarani penye watu, njia ya Jozani ina matuta na kima punju wanavuka, ya Bububu imejaa daladala na watoto wa skuli. Mzigo wa kupima hautaki spidi kubwa, gia ya 3 kwenye mlima mrefu mtupu, mtu wa pili ndiye anayetazama kompyuta, dereva anatazama njia. Vilima vya Pemba vinafaa sana kwa kazi hii mapema asubuhi, lakini kipimo cha mwisho kirudie saa nane mchana jua likiwa kali, kwa sababu gari isiyogonga alfajiri inaweza kugonga mchana kwa tuni hiyo hiyo. Ikipita hapo, tembea nayo kiasi cha kilomita 500 halafu chomoa plagi zote, zipange kwa namba za silinda, uzitazame tena porcelini yake.